Anga jeusi la Ansel Adams: mandhari nyeusi na nyeupe huamuliwa kwenye rangi

#1 Kivuli cha Mnazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jukwaani.

Swali la "programu gani inatoa blaki en waiti kali" limeulizwa humu mpaka limechakaa. Mtu anatajiwa programu tano, anapakua, anabonyeza kitufe, picha inatoka imepooza kama uji wa jana, anarudi kulalamika. Programu hazina kosa. Kosa ni kudhani kwamba picha nyeusi na nyeupe ni picha ya rangi iliyonyang'anywa rangi zake. Mpiga mandhari anayeijua kazi hii anazichunguza rangi kuliko hata yule wa picha za rangi, maana ni lazima aamue kila moja itageuka kijivu gani. Bluu ya anga iwe nyeusi au iwe nyeupe? Majani yang'ae au yazame? Asipoamua yeye, kamera itamwamulia, na kamera haijui alichopanda mlima kukifuata.

Mfano wangu ni Ansel Adams, Mmarekani, mzaliwa wa San Francisco mwaka 1902, akafariki 1984. Ujana wake aliutumia kwenye piano, akitaka iwe ndiyo kazi yake. Mwaka 1916 familia ikampeleka bonde la Yosemite, California, akiwa na kamera ya Kodak Brownie, na ndiyo ikawa basi tena. Kila mwaka alirudi.

Twende moja kwa moja kwenye picha moja. Tarehe 10 Aprili 1927 Adams na marafiki wachache, akiwemo Virginia Best aliyekuja kumuoa mwaka uliofuata, walipanda hadi kwenye mwamba unaoitwa Diving Board. Pale unaangaliana uso kwa uso na Half Dome, jabali la graniti lililokatika wima upande mmoja. Mgongoni alikuwa na kamera ya Korona, yaani sanduku la mbao, pamoja na stendi na vioo 12. Kamera hiyo aliipigia kwenye kioo chenye dawa. Kioo kimoja, picha moja. Ukiviharibu vyote unateremka mlima mikono mitupu.

Alipofika mbele ya jabali vilikuwa vimebaki viwili. Cha kwanza akakipiga kwa filta (kioo cha rangi kinachovalishwa mbele ya lenzi) ya njano, ndiyo iliyokuwa kawaida ya kulitia anga uzito kidogo. Kabla hajafungasha akajiuliza picha ile itatokaje ikishasafishwa, akaona kwamba anga litatoka kijivu cha kawaida na jabali litakuwa jiwe tu. Yeye alichokuwa anakihisi pale juu ni kitu kizito cha kutisha. Akachomoa ile ya njano, akaweka filta nyekundu iliyokolea, akafunga tundu la lenzi hadi f/22 na kuacha mwanga uingie sekunde 5. Hicho ndicho kioo cha mwisho, na ndicho kilichomtoa.

Sasa elewa filta ilifanya nini, maana hapa ndipo wengi wanapokariri bila kufahamu. Filta nyekundu inapitisha mwanga mwekundu na kuuzuia wa bluu. Anga ni bluu, kwa hiyo anga halikuandikika kwenye kioo, na kwenye karatasi likatoka karibu na weusi wa masizi. Hilo kila mtu analijua. Linalosahaulika ni kivuli. Kivuli cha nje mchana hakimulikwi na jua, kinamulikwa na anga, na anga ni bluu. Filta iliyozima anga ikazima na vivuli vya jabali. Sehemu inayopigwa na jua na theluji iliyo chini hazikuguswa sana. Ndiyo maana jabali lile linaonekana limesogea mbele kukufuata. Hakuna mlima uliosogezwa, ni rangi moja tu iliyonyimwa njia.

Adams mwenyewe aliihesabu kuwa picha yake ya kwanza aliyoiona kichwani ikiwa imekamilika kabla hajafungua shata.

Naendelea chini, msiharibu uzi.

#2 Dereva wa Noah

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Ila mkuu, mimi nina simu tu, tena ya kawaida. Filta nyekundu ya kuvalisha simu naipata wapi? Kariakoo nimeona zile za kubana na kibanio, rangi zote.

#3 Kivuli cha Mnazi

Usinunue kaka, hela yako itumie kwa mafuta.

Kamera ya kidijitali, hata ya simu, tayari ina filta ndani. Juu ya kihisio, yaani kile kinachopokea mwanga, kila pikseli (kidoti kimoja cha picha) imefunikwa kifuniko cha rangi: katika kila nne, mbili ni za kijani, moja nyekundu, moja bluu. Ukivalisha filta nyekundu kwa nje, pikseli tatu kati ya nne unazifungia mlango, picha inabaki kuandikwa na robo tu. Filta za nje zilikuwa za filamu nyeusi na nyeupe, ambayo haina vifuniko hivyo.

Wewe piga kwa rangi, kama simu yako ina RAW (faili ghafi, kabla simu haijaichakata) tumia RAW, halafu uamuzi wa filta ufanye kwenye programu. Snapseed ni ya bure na ndani ya kipengele chake cha nyeusi na nyeupe kuna vitufe vya filta: nyekundu, chungwa, njano, kijani, bluu. Bonyeza kimoja kimoja uone picha ile ile inavyobadilika.

Mfano wa huku kwetu. Simama barabara ya vumbi jekundu kama ya Karatu, kushoto mahindi mabichi, juu anga safi. Kwa filta nyekundu barabara inatoka nyeupe inang'aa, mahindi yanashuka, anga linakuwa jeusi. Unapata njia inayowaka kuelekea kwenye giza. Hamia bluu: barabara inakuwa nyeusi tii, mahindi nayo yanafifia gizani, anga linageuka karatasi tupu. Kijani: mahindi yanapanda, unaanza kuona jani moja moja, barabara inakaa katikati. Picha ni ile ile, saa ile ile, ila ni habari tatu tofauti. Ukibonyeza "nyeusi na nyeupe" bila kuchagua, programu inakupa wastani wa zote, na barabara nyekundu na mahindi ya kijani vinaweza kutoka kijivu kimoja. Kwenye rangi vilitengana vizuri, kwenye kijivu vimeshikana. Hapo ndipo picha inapofia.

Tahadhari moja: ukiivuta sana bluu kwenda gizani, anga linajaa chenga na vingazi vingazi, hasa kama ulipiga JPEG, ile faili ya kawaida iliyobanwa. Nenda nusu ya unakotamani.

#4 Mama Studio

Wanangu, mimi nilikuwa na studio Tanga, tumesafisha mikanda usiku na mchana. Nachangia kidogo.

Mnaongea juu ya kulizima anga, lakini zamani sana tatizo lilikuwa kinyume. Dawa za mwanzo za picha zilikuwa zinaona bluu tu, nyekundu hazikuiona kabisa. Anga likawa linaungua lote, linatoka jeupe pe, hakuna wingu. Mfaransa mmoja, Gustave Le Gray, kwenye miaka ya 1850 alikuwa anapiga bahari mara moja na mawingu mara nyingine, kisha anaunganisha vioo viwili kwenye karatasi moja. Watu wakashangaa kaona wapi mawingu namna hiyo. Mpaka zilipokuja filamu zinazoona rangi zote ndipo filta nyekundu ikawa na maana. Kwa hiyo huyo Adams kafika wakati dawa imekubali.

Na jambo jingine, mwanangu Kivuli: picha haiishii kwenye kamera. Sisi tulikuwa tunaupitisha mkono chini ya mwanga wa mashine ya kuchapia picha, hapa unaziba, pale unaacha paungue zaidi. Mteja akitoka na uso mzuri anadhani ni uso wake.

#5 Kivuli cha Mnazi

Shikamoo Mama. Umenipeleka penyewe.

Kuna picha nyingine ya Adams: mwezi unachomoza juu ya kijiji cha Hernandez, jimbo la New Mexico. Alikuwa barabarani anarudi Santa Fe jioni, na mwanawe Michael na rafiki yake Cedric Wright. Akaona mwezi umetoka juu ya milima yenye theluji, chini kuna kanisa dogo na makaburi yenye misalaba myeupe inayopigwa na jua la mwisho. Akapiga breki, wakaanza kushusha kamera kubwa ya filamu ya inchi 8 kwa 10. Kipima mwanga hakionekani. Jua linaondoka kwenye misalaba.

Kilichomwokoa ni hesabu aliyokuwa nayo kichwani: alijua mng'ao wa mwezi ni mishumaa 250 kwa futi ya mraba. Akapanga kila kitu kwa kuanzia hapo. Filta ya njano iliyokolea, f/32, sekunde 1. Alipoigeuza kasha ya filamu ili apige ya pili kwa usalama, mwanga wa misalaba ukawa umekwenda. Ipo negativu (filamu iliyosafishwa, ya kuchapia picha) moja tu ya picha ile duniani.

(Tarehe aliisahau, akawa anaandika miaka tofauti tofauti. Wanaastronomia ndio waliokaa wakapima nafasi ya mwezi kwenye picha, wakafikia tarehe 1 Novemba 1941.)

Negativu yenyewe ilikuwa kazi kuichapa. Sehemu ya chini ilikuwa nyepesi mno. Mwaka 1948 akajitosa: akaichovya sehemu hiyo kwenye dawa ya kuikoleza, negativu moja pekee, fikirieni. Na kwa zaidi ya miaka 30 aliendelea kuichapa upya, nakala zaidi ya elfu moja. Ukiweka nakala za mwanzo pembeni ya za mwisho unaona anga la mwanzo lina kijivu na mawingu mepesi juu. La mwisho ni jeusi lote. Mama kasema mkono chini ya mashine. Ndiyo hiyo. Alikuwa na msemo kwamba negativu ni kama muziki ulioandikwa na chapa ndiyo kuupiga, na kwa mtu aliyekulia kwenye piano nadhani hakuwa anatia chumvi. Nakala moja iliuzwa mnadani New York mwaka 2006 kwa dola 609,600.

#6 Hoja Bila Hasira

Naomba kupinga. Anga lile halikuwa jeusi. Mchana kweupe! Halafu mnatuambia tusimtumie Photoshop mtu. Huyu kadanganya kwa filta, kadanganya kwa dawa, kadanganya kwa mkono. Tofauti yake na kijana wa Instagram anayebandika mwezi ni nini?

#7 Kivuli cha Mnazi

Swali zuri, na silikwepi.

Kwanza, picha nyeusi na nyeupe haijawahi kumdanganya mtu kuhusu rangi; hakuna aliyeiangalia akadhani Yosemite haina kijani. Kila kijivu ni tafsiri. Tofauti ya Adams na huyo kijana ni kwamba mwezi ulikuwepo, mahali pale, kwa ukubwa ule. Alichokigusa ni uzito wa mwanga.

Lakini nakuachia nusu ya hoja, maana ipo picha inayokupa nguvu. Mwaka 1944 alipiga mawio ya majira ya baridi ya milima ya Sierra Nevada akiwa mji wa Lone Pine. Wanafunzi wa pale walikuwa wameandika herufi LP kubwa kwa mawe meupe ubavuni mwa kilima. Adams akazifuta kwenye chapa. Alikiri wazi, akasema hakuwa mshika dini wa usafi kiasi cha kuliacha kovu lile libaki kwenye picha yake. Mimi ningeziacha. Zile herufi ni za watu waliokuwa wanaishi chini ya mlima, nao ni sehemu ya mandhari. Hapo mkuu tuko pamoja.

#8 Niko Fresno

Salamu kutoka California, Yosemite iko mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka kwangu. Mkienda Tunnel View, pale watu wanaposimama kulitazama bonde, baada ya mvua ya baridi mtakuta stendi za kamera zimepangwa bega kwa bega, kila mtu anataka picha ya Adams.

Naongezea pale kwenye LP. Bonde lile linaonekana tupu kwenye picha zake, kana kwamba halijawahi kukanyagwa. Mwaka 1851 kikosi cha Mariposa kiliingia kuwafukuza wenyeji, Waahwahneechee. Baadhi walirudi, wakaendelea kuishi humo, na nyumba za mwisho za kijiji chao zilibomolewa mwaka 1969. Picha tupu zilisaidia watu kuamini kuwa bonde lilikuwa tupu tangu awali.

#9 Hoja Bila Hasira

Na sisi Serengeti 1959. Wamaasai walihamishiwa Ngorongoro, leo kila bango la utalii ni mti mmoja wa mgunga na jua. Ng'ombe hata wa dawa haonekani.

#10 Kivuli cha Mnazi

Sipingi neno. Naomba tu tumtendee haki: huyo huyo Adams mwaka 1943 alikwenda kambi ya Manzanar, California, Wamarekani wenye asili ya Japani walikofungiwa wakati wa vita, akapiga nyuso zao na mashamba yao, na milima ile ile ya Sierra nyuma yao. Kwa hiyo watu alikuwa anawaona. Ila kwenye mandhari zake kubwa aliwatoa. Mimi boma likiwepo nalipiga, tena moshi wa boma asubuhi kwenye nyeusi na nyeupe ni zawadi: unapigwa na jua kwa nyuma, unakuwa kitu cheupe kuliko vyote kwenye picha.

#11 Dereva wa Noah

Siasa tupeleke jukwaa lake. Nimegugo nimeona kitu kinaitwa mfumo wa kanda wa Adams, kuna namba za Kirumi. Nieleweshe kwa Kiswahili cha abiria.

#12 Kivuli cha Mnazi

Aliutengeneza na Fred Archer walipokuwa wanafundisha chuo cha Art Center, Los Angeles, karibu na mwaka 1940. Weusi kamili ni kanda 0, weupe wa karatasi ni kanda X. Kutoka kanda moja kwenda nyingine mwanga unaongezeka mara mbili. Katikati, kanda V, ni kijivu ambacho kipima mwanga chochote kinakitafuta.

Na hiyo ndiyo siri ya mfumo wote: kipima mwanga hakijui unakielekeza wapi. Ukikielekeza kwenye theluji ya Kibo kitakwambia namna ya kuifanya theluji iwe kijivu. Ukikielekeza kwenye gome la mbuyu lililo kivulini kitakwambia namna ya kulifanya gome liwe kijivu kile kile. Kazi yako ni kukataa. Unasema: hii ni theluji, naitaka kanda VII, nyeupe lakini mikunjo yake ionekane. Basi unaongeza mwanga hatua 2 juu ya kipimo. Gome unalitaka kanda III, jeusi lenye mikwaruzo inayosomeka: unapunguza hatua 2. Ukiona vyote haviwezi kukaa pamoja, kwenye filamu Adams alikuwa anapima kwa kivuli, halafu anacheza na muda wa kusafisha ili sehemu za mwanga zisiungue.

Kwenye simu na kamera za leo geuza. Kihisio kikijaa mwanga hakirudi, weupe ukiungua umekwenda. Pima kwa sehemu yenye mwanga mkali, kivuli utakiinua baadaye. Gusa wingu kwenye kioo cha simu, shusha kile kijua kidogo pembeni hadi wingu lionyeshe sura, ndipo ubonyeze.

#13 Irente Nyumbani

Mimi natokea Lushoto. Nimepiga pale Irente kwa filta nyekundu kama mlivyosema, milima ya mbali imetoka mikavu, imekatika kama bati. Sijapenda. Nimekosea nini?

#14 Kivuli cha Mnazi

Hujakosea kitu dada, umechagua rangi isiyo ya mahali hapo. Na hapa niseme ukweli: filta nyekundu imetumika kupita kiasi kwa sababu ya Adams. Hewa ya Sierra iliyo juu ni kavu, milima inaonekana kama imechongwa. Usambara ina ukungu na joto la nyikani linalopanda, na ukungu wa mbali una bluu. Nyekundu inaufuta. Ukiufuta umeondoa kitu pekee kinachoonyesha umbali.

Chukua picha ile ile uijaribu kwa filta ya bluu. Mlima wa karibu utabaki mweusi, unaofuata kijivu, unaofuata kijivu hafifu, mpaka wa mwisho unapotelea angani. Anga litakuwa jeupe tupu, kwa hiyo usiliachie nafasi kubwa, likate. Pale Irente asubuhi kabla nyika haijapata joto, kwa maoni yangu, bluu inaishinda nyekundu mara zote.

#15 Mama Studio

Kweli kabisa. Na mwezi je? Vijana wa Pwani wanataka picha ya mwezi na mikoko, wanatoka na duara jeupe na giza.

#16 Kivuli cha Mnazi

Mama, wanakwenda mwezi kumi na nne au kumi na tano (nahesabu siku tangu mwezi uandame), siku ambayo mwezi unachomoza jua likiwa linazama au limeshazama. Huku kwetu jua linaanguka wima, Dar giza linakuingilia dakika 20 na ushee baada ya machweo. Mwezi ukipanda kutosha, mikoko haina mwanga tena, na tofauti kati ya viwili hivyo haibebeki.

Waende mwezi kumi na mbili au kumi na tatu. Mwezi unakuwa tayari uko juu wakati jua bado linapiga miti kutoka upande wa pili, na mwanga wa mwezi na wa miti unakaribiana. Ndivyo ilivyokuwa Hernandez, mwezi ule haukuwa umejaa. Siku hizo bamvua (maji kujaa na kupwa sana) linakaribia, maji yanajaa alasiri, kwa hiyo jioni mikoko bado ina maji miguuni. Saa kamili waulize wavuvi wa hapo hapo, msitegemee simu. Pimeni kwa mwezi, na filta ya chungwa inatosha. Nyekundu itaua majani ya mikoko yawe doa jeusi.

#17 Dereva wa Noah

Leo kwa hesabu yangu ni mwezi kumi na moja. Kesho nina abiria wa Bagamoyo, nalala huko huko.

#18 Kivuli cha Mnazi

Safi. Nenda upande wenye mikoko, ulipe jua mgongo, uwe umefika saa kumi na moja kasoro. Ukirudi weka hapa picha mbili: ile ya rangi kama ilivyotoka, na nyeusi na nyeupe uliyoiamua, utuandikie ulitumia filta gani. Na wengine mnaobandika humu, fanyeni hivyo hivyo, vinginevyo tutakuwa tunasifiana bila kujua tunasifia nini.